Dakika Tatu Getini

Fuso likiingia Kibaigwa saa nne za usiku
nalijua kwa mluzi kabla sijaona taa:
ule mluzi mwembamba wa tabo,
kama birika linalokaribia kuchemka.
Zamani ulikatika, mlango ukabamizwa,
na Ndahani yuko sebuleni, vumbi la Kiteto kwenye kope,
anauliza ugali uko wapi.

Siku hizi anafika na hashuki.
Taa kazima. Injini inanguruma polepole,
na mimi dirishani, mwiko mkononi,
nahesabu dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Nikasema moyoni, haya, yamenifika.
Mwanamume anayekaa gizani mlangoni kwake
ana simu ya kumalizia.

Sikumuuliza. Mimi si wa kuuliza.
Nilikwenda gereji kwa Mbeleje, nyuma ya soko la mahindi,
maneno yangu nimeyafunga kwenye pindo la kanga.
Alinisikiliza akinawa mikono kwa dizeli,
akacheka mpaka spana ikamdondoka,
kisha akaniwekea kiganjani kipande cha chuma,
cheusi, kizito, chenye kovu la bluu.
"Mke mwenzio huyu hapa," akasema.
"Mlimzika mwezi wa saba."

Milioni mbili na nusu. Nakumbuka.
Ilikuwa ada ya Nyemo na bati za jikoni.

Mbeleje hana maneno mengi ila ya chuma.
Hiki, mama, kinazunguka kuliko jicho linavyoweza kufuata,
kinasukumwa na moshi wa moto kama tanuri la matofali,
na hakikukalia kitu ila utando wa oili
mwembamba kuliko ngozi ya maziwa.
Ukizima ghafla, pampu inalala,
chenyewe bado kinakimbia, kikavu, kwa hasira ya mlima.
Oili iliyonaswa humo inaungua, inageuka masizi,
na masizi hayana huruma na bushi.
Kwa hiyo akifika, asizime. Apumue naye.
Na alfajiri asikanyage mafuta kwa pupa:
oili ina ngazi ya kupanda.
Oili yenyewe ibadilishwe kabla haijawa uji,
na chujio la hewa msilipige-pige ukutani kama mkeka.
Punje moja ya vumbi la Hembahemba
ikipita pale, ni jiwe la kombeo.

Nilirudi na aibu kichwani
na chujio jipya kwapani.

Usiku ule mluzi uliposimama getini
nilitoka na sahani, nikapanda upande wa tandiboi.
Akashtuka kama mwizi.
Nikamwambia, kula, nahesabu mimi.

Ndani ya dakika hizo nimesikia mambo
ambayo sebule ya miaka kumi na moja haikuyatoa:
kwamba korongo la Njoro likijaa maji anasali Kigogo,
lugha aliyodai ameisahau;
kwamba gunia saba zilipungua mizani, akalipa yeye, akanyamaza;
kwamba kikohozi cha baba yake anakisikia kwenye gia ya tatu.
Mimi nami nikasema ya kwangu,
mengine nikiwa nimeyashikilia tangu Nyemo anyonye.
Zamani aliingia na moto wake wa barabarani,
nikampokea na moto wangu wa jikoni,
na hakuna aliyemsubiri mwenzake.

Mama Lechipya wa ng'ambo anauliza
kwa nini tunachoma dizeli tukiwa tumeshafika.
Namjibu ni maagizo ya fundi.

Jana mluzi ulikuja na mkwaruzo, kidogo tu.
Ndahani akasema ni mpira wa hewa, umelegea klipu.
Nikamulika kwa tochi, kweli umelegea,
tukaukaza wawili, vidole vikigongana.
Kisha tukarudi ndani ya kebini kuhesabu upya.
Tatu ikafika. Hakuna aliyegusa ufunguo.

Dakika ya nne Mbeleje hakuiagiza.
Hiyo tunailipia wenyewe.